Mchoraji wa Kalamu Nyeusi Asipuuzwe

Katika mji wa Mwanza, na katika vijiji na visiwa vya Ziwa Viktoria, iko kazi moja ya sanaa isiyohitaji karakana, wala mtaji, wala cheti cha chuo. Ni kazi ya mtu aliyeshika kalamu ya wino mweusi, akachora picha juu ya karatasi, na kando ya picha hiyo, au ndani yake, akaandika maneno. Vyombo vyake vyote huingia katika mfuko wa shati. Na kwa kuwa vyombo ni rahisi, watu wengi hudhani kwamba kazi yenyewe nayo ni rahisi. Mzazi humkemea mwanawe kwa kuchafua daftari; mwajiri humwona karani wake kuwa mvivu; jirani husema kwamba huyu hana shughuli. Sisi twasema kwamba dharau hiyo haina msingi, na kwamba inalipotezea eneo hili la Ziwa mali ambayo ikishatoweka haitanunulika tena kwa bei yoyote.

Yafaa kwanza tueleweke. Hatuzungumzii hapa picha za kupamba sebule, ingawa nazo zina heshima yake. Twazungumzia mchoro ambamo picha na maandishi ni kitu kimoja, hata ukiondoa kimoja, cha pili huchechemea. Jambo hili si geni kwetu. Mwanamke anunuapo khanga hatazami ua na rangi peke yake. Husoma jina lake, na mara nyingi jina ndilo limfanyalo afungue mkoba. Mvuvi apakapo mtumbwi wake rangi huandika ubavuni jina au dua, kisha ndipo auonapo kuwa umekamilika na waweza kushushwa majini. Basi mchoraji wa kalamu nyeusi hakuleta mila ya kigeni. Amelifanya katika karatasi jambo ambalo watu wetu wamezoea kulifanya katika nguo na katika mbao.

Lakini karatasi yake ina faida moja ambayo yatupasa kuifikiri sana. Picha isiyo na neno humhitaji mfasiri. Mfasiri akiwa hai, picha husema. Mfasiri akifa, picha hubaki bubu, na kila apitaye huipa maana aitakayo. Mchoro wenye maneno hutembea na mkalimani wake. Waweza kusafirishwa, waweza kufungiwa kabatini miaka hamsini, na siku utakapofunguliwa utasema lile lile alilokusudia mwenyewe. Ushahidi wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta mbali, kwani uko hapa hapa Usukumani.

Katika Usukuma wa zamani palikuwa na chama cha Bayeye, mafundi wa kukamata nyoka na kutibu sumu yao. Nyumba za chama hicho zilichorwa picha katika kuta za ndani, na picha hizo zilikuwa ndizo kitabu cha wanafunzi waliokuwa wakiingizwa chamani. Wachoraji wake hawakupita shule yoyote ya sanaa. Walifundishana wao kwa wao, na kazi yao ilikuwa na kanuni zake, siri zake na mafundi wake. Lakini kuta zile hazikuwa na maandishi. Maelezo ya kila picha yalikaa vinywani mwa wakubwa wa chama, na asiyekuwa mwanachama hakupewa.

Katika zama za ukoloni alikuwapo Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika akiwa mtaalamu wa mila. Mtu huyu alizikusanya picha za Bayeye pamoja na maelezo yake, na mwaka 1953 kitabu chake kuhusu picha hizo kikachapwa London. Kuta za udongo hazidumu. Mvua ilinyesha, mchwa walifanya kazi yao, nyumba zilibomolewa na nyingine zikajengwa, na vijana wakashika njia nyingine za maisha. Mtu atakaye leo kuzifahamu picha za Bayeye na maana zake hana budi kukitafuta kitabu kilichochapwa ng'ambo, kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya wale waliozichora.

Tusieleweke vibaya. Hatumlaumu Cory kwa kuandika. Twamshukuru, kwani bila yeye tungekuwa na machache mno ya kuyasimulia leo. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wanafunzi wetu hunufaika nazo. Tunalosema ni hili: laiti mchoraji mmoja tu wa chama kile angalikuwa na kalamu na daftari, akachora kwa mkono wake na kuandika maana kwa lugha yake, tungekuwa leo na sauti ya mwenye nyumba pamoja na sauti ya mgeni. Fursa hiyo ilipita. Ya leo haijapita, kwa sababu vijana na wazee wa eneo hili wanajua kusoma na kuandika, na kalamu yapatikana katika kila duka la mtaani.

Kupata kalamu hata hivyo si mwisho wa safari. Wananchi wa Ziwa wanayo hadithi nyingine ya kweli ya kuwafunza subira na gharama yake. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari ndefu za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akizihifadhi ndani yake desturi za visiwa kuanzia kilimo hadi ndoa, kuanzia uganga hadi uvuvi. Mswada huo haukupata mchapaji. Mzee akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikautoa. Mwaka uliofuata, 1981, mwandishi akafariki dunia. Miaka thelathini na mitano ilipita kati ya nukta ya mwisho ya mswada na kitabu mkononi mwa msomaji. Ulipona kwa sababu wapo watu walioutunza kama mboni ya jicho. Je, ni maandishi mangapi, na michoro mingapi, ya watu wasiokuwa na mtu wa kuwatunzia, iliyofungiwa vitumbua?

Twaijua taifa zima kazi ya kalamu nyeusi katika sura moja, nayo ni katuni ya gazeti. Wasomaji wa makamo na wazee hawajamsahau Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye watu walimtafuta ukurasani kabla ya kusoma habari za mikutano. Hawajamsahau Philip Ndunguru, aliyechorea jarida la Sani na kufariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Baadaye akaja Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1969, aliyeanza kuchapisha katuni angali mwanafunzi, akasomea usanifu wa majengo kwa muda, kisha mwaka 1992 akahamia Nairobi kuchorea gazeti la Nation, na jina lake likavuka mipaka ya Afrika Mashariki. Mistari michache ya wino, sentensi mbili au tatu ndani ya kiputo, na mambo ambayo hotuba ya saa nzima isingeyasema yamekwisha semwa. Mtu akitaka kujua jinsi wananchi walivyosimama katika foleni ya sukari, jinsi walivyomcheka mlanguzi na jinsi walivyomkwepa mgambo, atayapata katika picha hizo kwa namna ambayo taarifa ya ofisi haiwezi kumpa.

Lakini katuni ina mlezi, ambaye ni gazeti. Huchapwa maelfu ya nakala, na nakala moja ikipotea nyingine yaweza kupatikana maktabani. Mchoraji wetu wa Kirumba, au wa Igoma, au wa Nansio, hana nakala ya pili. Karatasi yake ni moja tu. Ikiloa imekwisha, ikichomwa imekwisha, na ikifungiwa samaki imekwisha.

Wako watakaouliza: je, mtu asiyefundishwa, mwenye kalamu na vipande vya karatasi, aweza kufika wapi? Jibu liko Afrika hii hii. Katika nchi ya Ivory Coast aliishi mzee Frédéric Bruly Bouabré, mtu wa kabila la Wabété, aliyekuwa karani katika ofisi za utawala. Tarehe 11 Machi 1948, akiwa Dakar, alipata maono ambayo yeye mwenyewe aliyahesabu kuwa mwanzo wa kazi yake. Alibuni alama zaidi ya mia nne za kuandikia lugha ya Kibété, kila alama ikiwa mchoro mdogo wa silabi, na mwaka 1958 mtaalamu wa Kifaransa, Théodore Monod, akaandika makala kuutambulisha ulimwengu alama hizo. Kisha Bruly akachora kwa miaka mingi juu ya karatasi ngumu zenye ukubwa wa kadi ya posta, kwa kalamu ya biro na penseli za rangi: katikati picha, na kuzunguka kingo zote nne maneno ya kuieleza. Alichora mawingu, makovu, maganda ya machungwa, methali na wafalme. Mwaka 1989 kazi zake ziliwekwa katika maonyesho makubwa mjini Paris, na tangu hapo majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani yamezitafuta. Alifariki mwaka 2014. Mzee huyu hakuwa na cheti cha sanaa. Alikuwa na jambo la kusema, na alikuwa na nidhamu ya kulisema kila siku katika kadi moja ndogo.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa msemaji wa Kiswahili. Katika mji wa Lubumbashi, nchini Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, kijana Tshibumba Kanda-Matulu alitumia rangi badala ya wino, lakini aliandika maneno juu ya picha zake. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake, tangu enzi za mababu hadi Lumumba na baada yake, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, ambaye alizinunua na kuyarekodi maelezo hayo. Mwaka 1996 Fabian akatoa kitabu juu yake. Hata hivyo picha zenyewe hazikubaki Lubumbashi. Zilikwenda kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Historia ya watu wa Kongo, iliyochorwa na mwana wa Kongo na kuelezwa kwa Kiswahili, inatunzwa Uholanzi.

Msomaji akiziweka pamoja habari hizi za Bayeye, za Bruly na za Tshibumba, ataona uzi mmoja unaozipitia. Kipaji hakikukosekana mahali popote. Kilichoamua kipi kidumu na kipi kipotee ni kuwapo kwa mtu aliyeona thamani ya kazi, akainunua au akainakili, akaiandikia maelezo, akaiweka mahali pakavu. Na mara nyingi mtu huyo alitoka nje. Wageni hao hawakuiba. Walifanya kazi ambayo haikuwa na mwenyewe. Haya yetu isiwe kwamba wao walitunza. Haya yetu iwe kwamba palikuwa na nafasi ya kutunza nasi hatukuijaza. Tingatinga naye, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya kuchora, hakufundishwa na mtu. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na wageni hulitamka kabla hawajajifunza kusema jambo. Baada ya mfano huo, hoja ya kwamba asiyesoma chuoni hana cha kutoa yafaa izikwe.

Je, mchoraji wa Ziwa ana jambo gani la kusema? Tutatoa mfano mmoja tu. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa chakula cha kila nyumba, zikawa zimetoweka au zimekuwa adimu. Sangara ameleta viwanda na fedha za kigeni, na hatukani baraka hiyo. Lakini kila aina ya samaki iliyotoweka ilikuwa na umbo, na rangi, na majina ambayo wavuvi waliijua kwayo kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na lugha nyingine za mwambao. Wataalamu wameyaandika majina ya Kilatini katika vitabu vyao. Majina ya wavuvi yamo vichwani mwa wazee, na wazee hawaishi milele. Mzee wa Ukara au wa Kome akikaa na mjukuu wake mwenye kalamu nyeusi, mmoja akataja na mwingine akachora, jina likaandikwa chini ya pezi na mkia, pamoja na mtego alionaswa nao samaki huyo na jinsi alivyopikwa, karatasi hiyo itakuwa na elimu ambayo hakuna maabara yoyote itakayoweza kuitengeneza upya. Na hivyo hivyo kwa mitego ya zamani, kwa ngoma za Bagika na Bagalu, kwa nyota zilizowaongoza wavuvi wa usiku, kwa mawe ya Mwanza ambayo kila moja lina simulizi yake.

Picha ya simu haitoshi? Watu wengi hujibu hivyo siku hizi, nasi hatuidharau simu. Simu hupiga picha ya kilichopo mbele yake. Haiwezi kupiga picha ya samaki aliyekwisha kutoweka, wala ya ndoto, wala ya maana. Tena simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na yaliyomo hupotea nayo. Kupiga picha michoro ili kuwe na nakala ya pili ni jambo jema na twalisihi lifanyike. Lakini nakala si mbadala wa karatasi yenyewe.

Yuko pia atakayesema kwamba mkoa una shida kubwa zaidi: maji, madawati, dawa za zahanati. Hilo ni kweli, na gazeti hili halitaacha kuyasemea. Lakini tunaloliomba hapa halinyang'anyi zahanati hata kidonge kimoja. Twaomba kabati la chuma lenye droo, daftari la kuandikisha, na mtu mmoja mwaminifu mwenye ufunguo. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya chakula katika semina moja. Mwingine atasema kwamba si kila mchoro ni sanaa. Nalo ni kweli. Mingi itakuwa dhaifu, na wakati utaichuja. Lakini mpunga haupepetwi kabla ya kuvunwa. Kwanza tuvune, kisha wajuzi wapepete.

Kutokana na hayo, twapenda kutoa mapendekezo machache kwa wanaohusika.

Maktaba ya Mkoa mjini Mwanza ndiyo mahali panapofaa kuanzia. Ifungue mkusanyiko wa michoro ya kalamu ya eneo la Ziwa, ipokee zawadi na amana, na kila karatasi iandikishwe jina la mchoraji, mahali, mwaka na maelezo ya mwenyewe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, ambayo msingi wake uliwekwa na juhudi za Padri David Clement na waumini wake, yametunza ngoma, viti na vyombo vya watemi kwa miaka mingi. Yangeweza kuongeza ukuta mmoja kwa ajili ya karatasi za watu walio hai, ili mtoto wa shule aonapo kiti cha mtemi aone pia kwamba historia haijafungwa.

Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo, kina nafasi ya pekee. Mwalimu anayetoka hapo akipangiwa shule ya kijijini, awe na jicho la kumtambua mtoto achoraye nyuma ya daftari la hesabu. Asimchape kwa hilo. Ampe karatasi nyingine, na amwambie aandike chini ya picha alichokusudia. Hesabu ifundishwe kwa saa yake na mchoro upewe saa yake.

Wahariri wa magazeti yote nchini wanao wajibu wao pia. Karatasi ya asili ya mchoro ni mali ya aliyeichora mpaka iwepo hati ya kusema vinginevyo. Irudishwe kwake ikiwa safi, au ihifadhiwe kwa makubaliano. Jina lake liandikwe kila kazi yake itokapo, naye alipwe kama mwandishi alipwavyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mchoraji kuwa mwenye haki juu ya kazi yake, na kumwuzia mtu karatasi si kumwuzia haki ya kuichapa katika fulana na kalenda.

Kwa wachoraji wenyewe tuna maneno ya ndugu kwa ndugu. Wino wa biro na wa kalamu nyingi za kupakia rangi hupauka ukikaa mwangani. Wino mweusi wenye masizi ya kaboni, ule uitwao wino wa Kihindi, hudumu. Karatasi ya bei ya chini hugeuka manjano na kukatika, kwa sababu ina asidi itokanayo na mti. Kwa hiyo mwenye uwezo anunue wino na karatasi bora hata kama atachora michache. Asiye na uwezo achore kwa alichonacho, lakini asiibandike kazi yake ukutani penye jua. Aiweke gizani, mahali pakavu, mbali na mende na mchwa, kwani hewa ya ziwani ina unyevu na haina huruma kwa karatasi. Aandike jina lake na tarehe nyuma kwa penseli. Asiuze zote, abakize alau moja katika kila kumi. Na maneno ayaandike kwa lugha anayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kikerewe, kwa maana maneno ya kuazima humfanya mkalimani kuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Mwisho twawageukia wenye uwezo wa mji huu: wenye hoteli, wenye viwanda vya samaki, wafanyabiashara wa pamba na wa dhahabu, mabenki na mashirika. Kuta za ofisi zao nyingi zimepambwa kwa picha za theluji na farasi wa nchi wasizozijua. Mcheza kwao hutunzwa, nao wajue kwamba mchoraji asiyetunzwa kwao hatimaye hutunzwa kwingine, na kazi yake huenda pamoja naye. Kununua mchoro mmoja wa kalamu nyeusi hakumfilisi mtu, na kwa aliyeuchora huenda ikawa tofauti kati ya kuendelea na kuacha.

Bayeye walichora katika udongo, na udongo ukaanguka. Wachoraji wa leo wamepiga hatua kubwa kuliko wao kwa jambo moja: wameweka neno ndani ya picha, na picha yao haitakuwa bubu wao watakapokuwa hawapo. Wamekwisha timiza sehemu yao ya kazi. Sehemu iliyobaki, ya kuipokea karatasi, kuiandikisha na kuiweka mahali pakavu, si ya mchoraji. Ni ya mkoa, ya shule, ya maktaba na ya kila mwananchi mwenye droo inayofungika. Twaomba ianze mwaka huu, wakati wazee wanaojua majina ya furu wangali wanaweza kuyataja.